Kidonge Mbele ya Hakimu

Mtaani kwetu Mbinga kila mtu alimwita Hakimu, na alipostaafu waliendelea kumwita hivyo hivyo. Alikuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo, kwanza kule chini kando ya ziwa, kisha huku juu kwenye baridi. Nyumba yake na yetu zilitenganishwa na mistari miwili ya migomba tu, kwa hiyo nimekua nikisikia sauti yake kama watoto wengine wanavyosikia redio ya baba yao.

Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa sauti ya maswali. Ukimwambia mvua imenyesha Mpepai, atakuuliza, "Uliiona, au uliambiwa?" Ukisema uliambiwa, atataka kujua na nani, na huyo naye alikuwa amesimama wapi. Mama yangu alikuwa akisema ni heri umpelekee Hakimu mzigo wa kuni kichwani kuliko kumpelekea habari. Watoto wengi wa mtaa walizunguka njia ya mbali wasikutane naye. Mimi nilipita mbele yake makusudi. Nilipenda kuulizwa. Nyumbani mtoto wa kike alikuwa wa kutumwa, na yule mzee alinisikiliza kana kwamba nimekula kiapo.

Alivaa koti la suti hata akienda kupalilia kahawa. Koti lilikuwa limechakaa mabegani, na mifuko yake ilijaa vitu vya shamba: kipande cha kamba, mbegu za maboga, kisu cha kupogolea. Kanisani alikaa benchi la mwisho karibu na mlango. Katekista alipomtania kwamba anakaa pale ili atoroke, alijibu, "Nakaa hapa nione anayetoka." Mtakatifu aliyempenda kuliko wote ni Tomaso. Alisema wale mitume kumi waliamini kwa sababu walikuwa wameona, na Tomaso aliomba kile tu ambacho wenzake walikwisha kupewa. Kwa nini basi aitwe msumbufu?

Mtu huyo aliyekuwa amepeleka watu gerezani hakuweza kumfunga mbuzi kamba. Alisema kamba inamuumiza shingo. Basi mbuzi wake wakawa wanavuka migomba na kula kabichi za mama. Jioni yake Hakimu anakuja na koti lake, anasimama mlangoni kwetu na kusema, "Nimesikiliza pande zote mbili. Mbuzi hana la kujitetea. Mwenye mbuzi amepatikana na hatia." Kisha anamkabidhi mama mkungu wa ndizi. Kesho kutwa mbuzi wamerudi. Mama alikuja kuzoea, akawa anapanda kabichi nyingi kidogo kwa ajili ya kesi hizo.

Nyumbani waliongea Kimatengo. Lakini akikasirika, hata kama ni kwa sababu ya chumvi kwenye mboga, alihamia Kiswahili, Kiswahili safi cha mahakamani. "Hoja yako haina mashiko, mama." Mkewe, ambaye sote tulimwita Mama Hakimu, alikuwa akiangua kicheko na kutuita tuliokuwa nje: "Njooni, mahakama imekaa!" Naye Hakimu alijaribu kushikilia hasira yake, ikamshinda.

Hadithi aliyopenda kuisimulia ilikuwa ya kesi ya wavu ulioibwa, enzi zake za ziwani. Shahidi wa kwanza alikuwa kijana mmoja mwenye maneno. Alieleza kila kitu: rangi ya shati la mwizi, mkono alioutumia, hata alivyokuwa akipumua, na usiku wenyewe haukuwa na mwezi. Shahidi wa pili alikuwa bibi mmoja mkausha samaki. Kila alipobanwa alisema, "Hilo sijui, baba. Niliona mtumbwi, sikuona uso." Hakimu alifuata maneno ya bibi, na wavu ukaja kupatikana kule ambako mtumbwi ule ulikuwa umefichwa. "Shahidi anayejua kila kitu," alikuwa akituambia, "mwangalie vizuri yeye mwenyewe."

Nilikwenda kusoma ufamasia, nikarudi kufanya kazi hospitali ya palepale mjini. Alifurahi sana, ingawa furaha yake ilikuja kama mahojiano. Kila Jumapili baada ya misa aliniuliza dawa moja: ya malaria inaingiaje kwenye damu, ya presha inajuaje mahali pa kwenda. Nilijibu nilivyoweza.

Halafu Jumapili moja hakuuliza kitu.

Sikushtuka. Nilidhani ana haraka. Jumapili iliyofuata hakuja kanisani, na ile nyingine pia. Mbuzi walikula kabichi na hakuna aliyekuja kutoa hukumu. Kahawa ikaiva, ikawa inadondoka chini ya miti yake, na katika wilaya yetu mtu mzima kuacha kahawa idondoke ni jambo la kuwafanya majirani washushe sauti. Wapo waliosema amerogwa na watu aliowafunga. Wapo waliosema ni uvivu wa wastaafu. Mkewe alisema usiku halali, chakula hali, na akiamka anakaa kitandani akitazama viatu vyake hadi jua linakuwa kali. Kiswahili chake kilikwisha kabisa. Hata Kimatengo kilibaki maneno machache: ndiyo, hapana, niache.

Asubuhi moja Mama Hakimu alivuka migomba akiwa amefunika kitu kwa khanga. Ilikuwa chupa ya sumu ya wadudu ya kupulizia kahawa. Akamwambia mama yangu, "Niwekee hii. Kwako, si kwangu." Mama hakuuliza. Aliipokea, akaenda kuifungia stoo, ufunguo akauvaa shingoni pamoja na rozari. Wale wanawake wawili wakakaa jikoni bega kwa bega, na mimi niliyekuwa nakunywa chai kabla ya kazi nikaelewa kila kitu.

Siku hiyohiyo tulimpeleka hospitali. Alikubali kama mtu anayebebwa na maji. Daktari alimsikiliza vizuri, akasema ni sonona, ugonjwa kama magonjwa mengine na una tiba. Alimwandikia fluoksetini, akapanga muuguzi wa afya ya akili awe anakwenda kumwona nyumbani. Vidonge nilivitoa kwa mkono wangu mwenyewe dirishani.

Baada ya siku chache Mama Hakimu akaniita. "Mwanangu, kaongee naye. Kidonge hamezi. Anasema hamjui."

"Hamjui nani, mama?"

"Hicho kidonge."

Nilimkuta sebuleni, koti limening'inia mwilini kana kwamba ni la mtu mwingine. Pakiti ilikuwa dirishani, haijafunguliwa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Nikakaa. Nilimuuliza kwa Kimatengo kwa nini hamezi. Alitazama pakiti pale dirishani. Kisha akajibu kwa Kiswahili.

"Nilimuuliza daktari, kinakwenda wapi? Akasema kichwani. Nikauliza, kichwani mahali gani? Watu walikuwa wengi nje, akasema, mzee wangu, wewe meza tu." Akafumba macho. "Mimi sikuwahi kuhukumu mtu ambaye sijamwona. Na mgeni haingii kichwani mwangu kabla sijaambiwa atakaa wapi."

Mama Hakimu alikuwa mlangoni na kikombe. Alikishusha chini taratibu. Hatukuwa tumesikia maneno mengi kiasi hicho kutoka kwake kwa wiki nyingi.

Nikaanza kueleza. Nilimwambia seli za ubongo zinapelekeana ujumbe lakini hazigusani. Kati ya moja na nyingine kuna mwanya mdogo mno. Seli ya kwanza inamwaga kemikali kwenye mwanya, mojawapo inaitwa serotonini, na seli ya pili inaipokea. Ujumbe ukishafika, seli ya kwanza inaikusanya ile serotonini na kuirudisha ndani.

"Kwa mkono gani?"

"Kuna protini zimepachikwa kwenye ngozi ya seli. Kazi yake ni kusafirisha. Zinaokota serotonini nje na kuiachia ndani."

"Na kidonge?"

"Kinakaa ndani ya hiyo protini, palepale serotonini inapokaa. Basi serotonini inabaki nje kwenye mwanya muda mrefu zaidi."

Akafumbua macho. "Kinashikwa na nini? Na kwa nini hiyo protini isikitupe ndani kama inavyoitupa hiyo nyingine?"

Hayo niliyasoma chuoni kwa ajili ya mtihani, na mtihani ulipokwisha nayo yakaenda zake.

"Nipe hadi kesho, baba."

"Shauri limeahirishwa," akasema.

Mama Hakimu aligeukia jikoni kwa haraka, lakini niliona mabega yake yakitikisika.

Sikumbuki kama nimewahi kusoma kitu kwa bidii namna ile. Mchana wote wa kesho yake, kila mara dirisha la dawa lilipokuwa tupu, nilisoma kwenye simu. Jioni nilivuka migomba nikiwa na punje za mahindi, chumvi kidogo kwenye karatasi, na kokwa la parachichi.

"Baba, nipe mikono."

Alinitazama, kisha akaitoa. Ilikuwa imekonda na ilikuwa ya baridi. Niliiunganisha kana kwamba anataka kuchota maji: vidole vimeachana kwa juu, viganja vimegusana chini kwenye vifundo vya mikono.

"Hii ndiyo protini. Juu ni nje ya seli, chini ni ndani. Sasa hivi mlango wa nje uko wazi." Nikadondosha punje ya mahindi katikati, nikanyunyiza chumvi. "Serotonini imeingia. Sodiamu, ile ya kwenye chumvi, imeingia pamoja nayo, na ndiyo inayosaidia kusukuma. Sasa funga vidole juu."

Akafunga.

"Fungua chini."

Akaachanisha vifundo. Punje ikaanguka mapajani mwake.

"Imeingia ndani," akasema.

"Imeingia. Fungua tena juu." Nikaweka kokwa la parachichi katikati ya viganja. "Nimezidisha ukubwa, lakini hiki ndicho kidonge. Funga juu."

Alijaribu. Vidole havikukutana.

"Basi hata chini hapawezi kufunguka, kwa sababu protini hii haifungui upande mmoja kabla ya kufunga wa pili. Dawa imeizuia ikiwa imetazama nje. Imesimama hapo, mlango wazi, na haisafirishi chochote."

Alilitazama lile kokwa kwa muda. "Nilikuuliza kinashikwa na nini."

"Dawa ina sehemu yenye nitrojeni, na hiyo ina chaji chanya. Ndani ya tundu la protini kuna kipande chenye chaji hasi. Vinavutana. Sehemu nyingine za dawa zimetengenezwa kama pete, zinajipachika kwenye vishimo vya pembeni. Serotonini nayo ina chaji chanya, inashikwa na kipande hichohicho."

"Kwa hiyo ni mgogoro wa kiwanja. Wawili wanadai mahali pamoja."

"Ndiyo, baba."

"Na anayepata ni nani? Aliyetangulia?"

"Anayeshika kwa nguvu zaidi."

"Mahakamani kwangu hiyo isingekubaliwa." Kona ya mdomo wake ilicheza kidogo sana. "Akishakaa, ndiyo basi? Anajenga?"

"Hapana. Si gundi. Anashika, anaachia, kisha mwingine anashika. Ndiyo maana unameza kila siku, na ndiyo maana ukija kuacha unaacha polepole, kwa kuongozwa na daktari."

"Nani aliona haya?"

Nikamweleza kwamba kuna watu walioitoa protini hiyo, wakaigandisha ikiwa na dawa ndani yake, wakaipiga kwa miale hadi wakapata picha ya jinsi kila kipande kilivyokaa.

"Na hiki changu kilipigwa picha?"

"Ndugu zake wa karibu, ndiyo. Chenyewe kikiwa kwenye protini ya binadamu, sina hakika. Vipimo vingine vinaonyesha kinakaa palepale."

"Ushahidi wa ndugu," akasema taratibu, kama anayeandika. "Haya. Kikikaa, nitaona nafuu lini?"

Hapo ndipo nilipokuwa nimeogopa tutafika. "Kukaa, kinaanza kukaa siku ileile. Nafuu inachukua wiki."

"Kwa nini? Kama mlango umezuiwa leo, kwa nini nafuu ije mwezi ujao?"

"Sijui, baba."

Akanyanyua uso.

"Wanaofanya utafiti nao hawajui vizuri. Wanadhani ubongo unajipanga upya taratibu baada ya ule mlango kuzuiwa. Wala sitakuambia unaumwa kwa sababu serotonini imekuishia. Zamani watu walisema hivyo; siku hizi inaonekana mambo ni mengi zaidi. Ninachoweza kukuambia ni kwamba watu wengi wanapata nafuu. Si wote. Na kama hiki kisipokufaa, kuna vingine, na hatutakuacha."

Nje mbuzi alilia. Hakimu alikuwa bado ameshika lile kokwa kati ya viganja.

"Rudia lile neno."

"Sijui."

Akageuza kichwa kuelekea jikoni. "Mama. Niletee maji."

Ningependa kusema alipona hapo, lakini haikuwa hivyo. Wiki za kwanza zilikuwa mbaya. Tumbo lilichafuka, usingizi ukazidi kupungua, na aliniambia, "Mgeni wako ana fujo." Tulikuwa tumeonywa kwamba mwanzo ni wakati wa kuwa karibu naye zaidi, kwa hiyo Mama Hakimu hakumwacha peke yake. Hakimu akienda chooni, mkewe alifagia uwanja hapo karibu. Muuguzi alikuja kama alivyopangiwa, kijana mpole kutoka Mbuji, akakaa naye chini ya dari ya baraza na kumwacha aongee au anyamaze. Mama alipeleka uji wa ulezi. Katekista alikuja na hakuhubiri. Alipogoa miti ya kahawa iliyokuwa karibu na nyumba, akaondoka. Sitaki mtu aseme kidonge kilifanya kazi peke yake, na sitaki mtu aseme hakikufanya.

Siku niliyojua kuna kitu kimegeuka, nilikuwa naanua nguo. Ng'ambo ya migomba nikasikia, "Maharage haya hayajaiva, na ninaomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba nililalamika." Kisha Mama Hakimu akacheka hadi akakohoa, na mama yangu akatoka mbio na mwiko mkononi kuuliza kuna nini.

Kahawa ya msimu ule iliharibika yote. Lakini msimu uliofuata, ulipofika wakati wa kupulizia, Mama Hakimu alivuka tena, safari hii mikono mitupu.

"Nimekuja kuchukua ile chupa," alisema.

Mama yangu alishika ufunguo shingoni bila kuuvua. "Dada, una uhakika?"

"Atapuliza yeye, na mimi nitakuwa naye mstari kwa mstari. Ikibaki naileta tena kwako."

Wakaenda stoo pamoja. Mchana ule niliwaona mteremkoni, Hakimu amebeba bomba la dawa mgongoni juu ya lile koti, mkewe nyuma yake na ndoo ya maji, wakibishana kwa Kiswahili.

Alikaa na dawa muda mrefu, kisha daktari akaanza kumpunguzia kidogo kidogo. Hakurudi kuwa yuleyule kabisa. Alikuwa mwepesi wa kuchoka na aliogopa asubuhi za mawingu. Watu walipomuuliza alikuwa anaumwa nini, hakusema presha wala tumbo. Alisema sonona, kwa sauti yake ileile isiyo kubwa, sokoni, mbele za watu. Baada ya hapo nikaanza kuona dirishani kwangu wazee ambao sikuwahi kuwaona, wamevua kofia, wakiulizia dawa kama ya Hakimu. Niliwaelekeza kwa daktari.

Mara ya mwisho kukaa naye kwa kirefu ilikuwa mwaka huu, Mbamba Bay. Nilikuwa nimeteremka kukagua dawa kwenye vituo vya ufukweni, na yeye alikuwa amekwenda kumtembelea bintiye aliyeolewa huko. Nilimkuta karibu na vichanja vya kukaushia usipa, wale samaki wadogo wa ziwani, amekaa kwenye benchi la mbao, anamenya karanga. Ziwa lilikuwa limetulia, na milima ya ng'ambo ilionekana kama imechorwa kwa penseli. Tulisalimiana, akanipa karanga kiganjani, nikamuuliza habari ya kulala, ya kula, ya dawa. Akajibu yote kwa ufupi, kama shahidi mzuri.

Kisha akaniuliza, "Na wewe, mwanangu, unalala?"

Nilicheka. "Mimi? Mimi niko salama, baba."

"Sikuuliza kama uko salama. Nimeuliza unalala."

Mwaka huohuo tulikuwa tumempoteza mama yangu, na tangu mazishi nilikuwa narudi kazini kila asubuhi, nawapa watu dawa, nawauliza wanaendeleaje, na sikuwa nimemwambia mtu yeyote kwamba naamka alfajiri sijui nilie au nivae sare. Mume wangu alidhani nimechoka. Wenzangu walidhani nina nguvu.

"Silali vizuri," nikasema.

Hakushangaa wala hakutoa ushauri. Alisogea pembeni, akafuta benchi kwa mkono wa koti lake pale alipokuwa amekaa yeye.

"Keti," akasema. "Anza unapotaka. Sina kesi nyingine leo."

Barabarani dereva wetu alipiga honi. Tulikuwa tunasubiriwa kituo kinachofuata. Nilimwinulia mkono asubiri, nikakaa.